Je, wajua kwa nini ndege wa Hudson Bay walibadilisha chakula cha makinda yao?

Kwenye majabali ya kisiwa cha Coats, kaskazini mwa Hudson Bay, ghuba kubwa nchini Kanada, huzaliana ndege wa baharini weusi mgongoni na weupe tumboni. Jike hutaga yai moja tu, juu ya mwamba mtupu. Kinda likianguliwa, wazazi huliletea samaki mmoja mmoja, amebanwa mdomoni, anaonekana wazi. Hiyo ikawa bahati ya watafiti. Tangu 1981 wamekuwa wakijibanza karibu na majabali hayo wakati wa kiangazi, darubini mkononi, wakiandika kila samaki anayefikishwa kiotani.

Miaka ya 1980 aliyeletwa sana alikuwa Boreogadus saida, tumwite saida. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 amepungua mno, na kapelini, samaki anayestahimili maji yenye joto kidogo zaidi, ameshika nafasi yake. Ndege hula anachokipata. Kilichobadilika ni bahari yenyewe.

Kule Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, saida ana kazi kama ya dagaa kwetu: ni mdogo, ana mafuta mengi, na sili, nyangumi weupe na ndege wote wanamtegemea. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi -1.8 hivi za Selsiasi, na damu ya samaki wa kawaida ingeganda kabla ya hapo. Damu ya saida ina protini zinazoshika chembe za barafu zisipate kukua. Kila nikilisoma jambo hili nastaajabu upya. Mayai yake hutagwa majira ya baridi, yakapanda na kuelea chini ya paa la barafu kwa wiki nyingi, na vifaranga hujificha humo humo wakila vijidudu vya majini vinavyoishi kwa mwani wa barafu.

Sasa liondoe paa hilo mapema. Vifaranga hukosa maficho, chakula hubadilika, na maji hupata joto. Katika maabara, maji yakifika nyuzi 3 hivi, mayai mengi hufa, ingawa kwetu maji hayo yangeuma vidole.

Wanafunzi wa uzamivu wanaomchunguza samaki huyu hawategemei nyavu peke yake, kwa kuwa kuvua chini ya barafu ni kazi ngumu na ya gharama. Huyapasua mawe madogo ya sikio lake wahesabu pete za umri, hupima mafuta mwilini, na hurudi kwenye daftari za wale waliokaa majabalini.

Daftari hizo zina habari nyingine inayoniuma. Ndege nao wamejaribu kutaga mapema, lakini barafu inawatangulia, na katika miaka ambayo barafu huvunjika mapema zaidi, makinda ya siku 14 huwa mepesi kwenye mizani.