Maziwa Yamekatika? Usimlaumu Ng'ombe

Dhana: Chai ya tangawizi ikikatika, maziwa yalikuwa mabovu.

Ukweli: Mara nyingi maziwa yanasingiziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kiitwacho zinjibaini, na kazi yake ni kuvunja protini. Hushika kasi kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, yaani kabla maziwa hayajachemka. Kwa hiyo anayetupia tangawizi ndani ya maziwa vuguvugu, kisha akayaacha yapate moto polepole, amekipa kimeng'enya nafasi yote kinayoitaka. Ponda tangawizi, itie kwenye maji matupu, ichemke dakika tano hivi. Mchemko hukiharibu kimeng'enya, ukali wa tangawizi unabaki. Ndipo umimine maziwa. Ukiwa bado na shaka, chemsha maziwa kidogo peke yake: yakikatika bila tangawizi, hapo kweli yamechacha.

Dhana: Majani yakichemka muda mrefu ndipo chai inakolea.

Ukweli: Kinachozidi ni tanini, nayo huleta uchungu na ule ukakasi unaokausha ulimi. Majani ya chembechembe hutoa sehemu kubwa ya ladha yake ndani ya dakika tatu hadi tano. Ukitaka chai nzito, ongeza majani, si dakika. Protini ya maziwa hushikana na tanini, ndiyo maana chai ya maziwa huvumilia moto kuliko ya rangi. Kuvumilia tu, lakini.

Dhana: Maziwa huondoa kafeini.

Ukweli: Hayaiondoi. Anayekosa usingizi kwa chai ya rangi asitegemee maziwa yamwokoe.

Dhana: Viungo vikizidi, chai inanukia zaidi.

Ukweli: Karafuu zikizidi, chai inanukia dawa ya meno. Mimi huweka mbili kwa sufuria ya vikombe vinne, basi. Iliki ipasuliwe ganda papo hapo, kwa kuwa mafuta yanayobeba harufu yake huruka upesi. Ya unga iliyokaa wazi miezi kadhaa ni vumbi tu. Mdalasini ni gamba la mti, hauna haraka, kwa hiyo utangulie kwenye maji pamoja na tangawizi.

Dhana: Chai ya viungo hutibu mafua.

Ukweli: Hutuliza koo. Virusi haiviui.

Na sukari? Tia wakati wowote. Haikatishi maziwa, wala haiokoi chai iliyoungulia sufuriani.