Nishati ya jiko la shule: hesabu ianzie sufuriani

Tangu Serikali ya Tanzania ilipoelekeza taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, swali tunaloletewa mara kwa mara na wakuu wa shule za bweni ni kama wahamie kwenye gesi au umeme. Swali hilo halijibiwi kwa kulinganisha bei ya tripu ya kuni na bei ya mtungi, kwa sababu shule haihitaji kuni wala gesi. Inahitaji joto linaloingia sufuriani.

Tuchukue mfano wa shule inayochoma kilo 800 za kuni kwa siku. Kilo moja ya kuni kavu hubeba takriban megajuli 15.6, lakini jiko la mafiga likifikisha sufuriani asilimia 15 tu, joto lililotumika kweli ni megajuli 1,872. Joto hilohilo, kwa jiko la gesi lenye ufanisi wa asilimia 55, linahitaji kilo 72 za gesi, yaani karibu mitungi miwili ya kilo 38. Kwa majiko ya umeme yenye ufanisi wa asilimia 80, ni uniti 650 (uniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja).

Ugumu uko kwenye ile 800. Daftari la stoo huandika "tripu mbili", na tripu hupimwa kwa macho. Kuni mbichi za masika nazo hupoteza sehemu ya moto wake kwa kujikausha zenyewe. Ndiyo maana tunasisitiza mizani iwekwe mlangoni mwa jiko kwa wiki moja ya kiangazi na nyingine ya masika, na kila siku iandikwe idadi ya waliokula. Bila vipimo hivyo, programu yoyote ya kompyuta ya kukadiria matumizi ya nishati itatoa grafu nzuri ya makosa.

Mwaka wa msingi, yaani matumizi ya sasa ambayo ya baadaye yatalinganishwa nayo, ukishapatikana, hujengwa taswira kadhaa za miaka ijayo, ambazo si utabiri: kuendelea na mafiga huku wanafunzi wakiongezeka, kununua majiko banifu, kuhamia kwenye gesi, au kwenye umeme. Mimi huongeza nyingine isiyogharimu chochote, ya kuloweka maharage usiku kucha, kwa kuwa hupunguza mahitaji kabla nishati haijachaguliwa.

Kwa upande wa gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, kilo 72 za gesi hutoa takriban kilo 215 za hewa ukaa kwa siku. Kuni hutoa karibu kilo 1,400, ila inayohesabiwa kuwa nyongeza angani ni ile sehemu inayotokana na miti isiyooteshwa tena, pamoja na methani ya moshi. Umeme hutegemea gridi: bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 linashusha kiwango cha gesijoto cha kila uniti bila shule kubadili chochote, na ukame unaweza kukipandisha, kwa hiyo taswira ya umeme ihesabiwe kwa hali zote mbili.

Makadirio ya mwaka mzima huficha jambo moja. Ikiwa nusu ya zile uniti 650 inatakiwa ndani ya saa mbili za asubuhi, uji na maharage vikiwa jikoni pamoja, mzigo unakaribia kilowati 163, na transfoma ya kVA 100, ambayo haiwezi kutoa zaidi ya kilowati 100, haiubebi.