Mifupa ya fuko na maneno niliyochoka kuyasikia
Kila nikipanga mifupa ya fuko mezani, sijamaliza hata mbavu, mtu ananiambia, "Huyu ni panya wa chini ya ardhi." Nikiweka wa pili, kutoka bara jingine, naambiwa, "Hawa ni ndugu, tazama mikono." Naanza na hili, maana ndilo linalonimaliza subira.

Neno lenyewe linatuponza, kwa kuwa fuko tunamwita karibu kila mamalia mdogo anayefukua. Fuko wa Ulaya ni jamaa wa kirukanjia. Fuko-dhahabu wa kusini mwa Afrika, ambaye wengi hudhani ni ndugu yake, yuko karibu zaidi na tembo na muhanga. Yule wa Australia hulea mtoto mfukoni kama kangaruu. Wa Afrika Mashariki, haya, huyo ni wa jamii ya panya kweli.

Ungechukua dakika mbili kuitazama mifupa, ungeona. Fuko wa Ulaya ana mfupa wa juu wa mkono mfupi na mpana, karibu mraba, naye huuzungusha kama anayepasua maji akiogelea. Pembeni mwa kidole gumba ana kifupa chenye umbo la mundu kinachopanua kiganja, na wengi hukihesabu kuwa kidole cha sita. Fuko-dhahabu hana kifupa hicho. Yeye hupiga udongo kwa ukucha mkubwa wa kidole cha tatu kama sururu, na kwenye kigasha kano yake imegeuka mfupa, kikawa na mifupa mitatu badala ya miwili. Wa Australia ana makucha mawili makubwa, na pingili kadhaa za shingo zimeungana. Kazi ni moja, lakini kila ukoo ulijitafutia dawa yake.

Ushauri wangu ni uleule: achana na makucha, tazama kiwiko. Ncha ya mfupa inayochomoza nyuma yake ikiwa ndefu, msuli unapata wenzo mrefu na mkono unasukuma kwa nguvu zaidi. Hapo utajua mnyama anachimba. Babu yake ni nani, kiwiko hakisemi.

Neno jingine: "Walichimba sana, mifupa ikanenepa, wakawarithisha watoto." Hapana. Kile kifupa cha mundu huanza kuumbika fuko akiwa bado tumboni, hajagusa udongo. Waliozaliwa na kiwiko kirefu kidogo walichimba kwa jasho dogo, wakaishi, wakazaa. Mwili ukibadilika maishani, badiliko halirithiwi: malkia wa fuko-uchi, yule wa Afrika Mashariki asiye na manyoya, hurefuka pingili za kiuno akishaanza kuzaa, na binti zake huzaliwa na za kawaida tu.

"Wote huchimba kwa mikono." Huyo huyo fuko-uchi huchimba kwa meno. Midomo hufumba nyuma ya meno ili asile udongo, na robo ya misuli yake imo tayani.

"Kuchimba huku ni mambo ya juzi." Fruitafossor, mamalia mdogo wa kale wa Colorado, Marekani, alichimba miaka milioni 150 hivi iliyopita, dinosaria wakitembea juu yake. Docofossor wa China, jamaa wa kale wa mamalia, alimtangulia kwa takriban miaka milioni 10. Vidole vyake vilikuwa na pingili pungufu, sawa na vya fuko-dhahabu, na ukoo wake ulikwisha zamani bila kuacha hata fuko mmoja.