Skadi: mwindaji aliyedai damu ya baba yake

Ukitafuta mtandaoni picha za Skadi, binti wa jitu katika hekaya za kale za Skandinavia, utaletewa mwanamke mweupe pe, taji la barafu kichwani na mbwamwitu pembeni. Picha hizo ni za juzi. Habari zake za kale zimehifadhiwa katika mashairi na masimulizi yaliyoandikwa Iceland karne ya 13, mengi kwa mkono wa mwandishi Snorri Sturluson, na humo tunakutana na mtu mwingine kabisa. Tuyapime madai manne yanayorudiwa kumhusu.

“Ni mungu wa kike wa majira ya baridi.” Hakuna andiko la kale linalompa cheo hicho. Kwa Snorri, Majira ya Baridi ni mwanamume, Vetr, mwana wa Vindsvalr. Skadi anaishi milimani Thrymheim, huteleza thelujini kwa mbao miguuni na kupiga wanyama kwa upinde. Uwindaji ni wake kweli; baridi ni hali ya hewa ya kwao tu.

“Alikwenda Asgard, makao ya miungu, kutafuta mume.” Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Baba yake, jitu Thjazi, alimlazimisha Loki, mjanja aliyeishi na miungu, amtoe nje ya Asgard mungu wa kike Idunn pamoja na matufaha yanayowafanya miungu wasizeeke. Loki alipomrudisha Idunn, Thjazi akawafuata mbio katika umbo la tai. Miungu wakawasha moto, manyoya yake yakaungua, wakamuua malangoni mwao. Skadi akavaa chapeo na deraya, akabeba silaha zote, akaenda kulipiza kisasi. Miungu hawakupigana naye, walimpa dia, yaani fidia ya damu. Mume alikuwa fungu moja tu la dia hiyo, tena amchague kwa kutazama miguu peke yake! Akaona miguu mizuri, akadhani ni ya mungu Baldr, kumbe ni ya Njord, bwana wa bahari. Skadi naye akaweka sharti lake: wamchekeshe, akiamini hawataweza. Loki akafunga kamba, ncha moja kwenye ndevu za mbuzi, nyingine kwenye korodani zake mwenyewe. Wakavutana wakipiga kelele wote wawili mpaka Loki akamwangukia Skadi mapajani, naye Skadi akacheka. Kisha Odin, mkuu wa miungu, akayatupa macho ya Thjazi angani yakawa nyota mbili, ingawa katika shairi jingine mungu Thor anajisifu kwamba aliyatupa yeye.

“Ni mke wa Ull.” Ull naye ni mungu hodari wa upinde na wa kuteleza thelujini, na kufanana kwao kunaishia hapo. Ndoa yake inayojulikana zaidi ni ile ya Njord, nayo haikuvunjwa na usaliti. Walipokezana makazi, wakianza na siku tisa za kulala Thrymheim, kisha Noatun, pwani kwa mume. Njord akachukia mlio wa mbwamwitu, Skadi akakoseshwa usingizi na shakwe. Akarudi zake milimani. Baadaye, anasema Snorri, aliolewa na Odin, akazaa naye wana wengi, akiwemo Sæming, ambaye Jarl (mtawala) Hakon wa Norway alimhesabu kuwa babu yake.

“Alipocheka, uhasama ukaisha.” Kwa miungu wengine, ndiyo. Shairi moja linamwita bibi arusi mng’aavu wa miungu, na kwingine anataja mahali pake patakatifu. Lakini Loki alimtambia usoni kwamba katika kumuua Thjazi yeye ndiye alikuwa wa kwanza na wa mwisho. Miungu walipomfunga Loki, aliyemtundikia nyoka mwenye sumu juu ya uso ni Skadi. Sigyn, mke wa Loki, hukinga sumu hiyo kwa bakuli; likijaa akaenda kulimwaga, matone humfikia mumewe.