CPA ukiwa Nyanda za Juu Kusini: chagua msimu, shika kalamu, tunza kumbukumbu

Mitihani ya CPA, yaani ya kuwa mhasibu mwenye sifa kamili, huendeshwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Watahiniwa wengi wa huku, kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya na Songwe, huanza kwa kuuliza wasome kitabu gani. Kwangu swali la kwanza ni jingine: ufanye msimu upi? Kwa mtu aliye kazini, kalenda ya ofisi humwangusha kabla hajafungua notisi.

Chukua mhasibu wa halmashauri. Mwaka wake wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na hesabu za mwisho zinatakiwa ziwe zimemfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kabla Septemba haijaisha. Julai, Agosti na Septemba zote zimeliwa. Akijisajili kwa Novemba, anabaki na Oktoba, nao ni mwezi wa maswali ya wakaguzi. Huyu Mei ndiyo yake, na aanze kusoma Desemba. Aliye kwenye kampuni inayofunga mwaka Desemba, au kwenye ofisi ya ukaguzi pale Mbeya mjini, mambo yake yamepinduka: makadirio ya kodi yanatakiwa mwisho wa Machi, ritani ya mwaka mwisho wa Juni, na katikati hapo wateja wote wanataka ripoti zao. Huyo asikimbilie Mei kwa sababu tu wenzake wanakwenda. Aanze Julai, afanye Novemba.

Kuhusu ngazi sitakaa sana. Mwenye shahada ya uhasibu kwa kawaida huanzia ngazi ya kati, na mwenye shahada ya fani nyingine huanzia ngazi ya msingi, halafu wote hukutana ngazi ya mwisho. Anayetoka kidato cha nne ana njia yake kupitia mitihani ya mafundi wa uhasibu. Usajili ni wa mtandaoni na malipo ni kwa kontroli namba. Hapa kosa la kawaida ni dogo lakini linauma: majina. Kama cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, na kitambulisho cha NIDA kimeandikwa kwa mpangilio mwingine, yasawazishe kabla dirisha la usajili halijafunguliwa. Hati ya kiapo cha majina huchukua muda, na dirisha halimngoji mtu.

Je, uchukue masomo mangapi kwa mkupuo? Kwa aliye kazini nashauri mawili, na yawe yanayosaidiana. Utoaji wa taarifa za fedha na kodi hukaa vizuri pamoja, kwa sababu kodi iliyoahirishwa, yaani ile isiyolipwa sasa lakini itakayodaiwa baadaye, inatumika kote kuwili. Ukaguzi pia huenda vizuri na taarifa za fedha, maana huwezi kukagua usichojua kinavyoandikwa. Kwa wiki 20 za saa 12 kila wiki unapata saa 240, yaani 120 kwa kila somo. Inatosha, ila kwa sharti moja: angalau nusu ya saa hizo ziwe za kuandika majibu kwa mkono.

Sharti hilo nalisisitiza kuliko jambo lolote jingine kwenye maandalizi haya. Pepa ni ya saa tatu na alama 100. Dakika 180 ukizigawa kwa alama 100 unapata dakika 1.8 kwa alama moja. Swali la alama 20 lina dakika 36, la alama 40 lina dakika 72, na humo humo kuna kusoma swali na kupanga jibu. Anayesoma kwa kuangalia majibu yaliyokwisha kuandikwa hujiona anaelewa, na kweli anaelewa, ila mkono wake haujawahi kuandaa hesabu za kundi la kampuni kwa dakika 72. Kwenye chumba cha mtihani hutumia saa moja na nusu kwenye swali la kwanza akitafuta tofauti ya shilingi laki mbili kwenye mizania, kisha swali la mwisho analigusa kwa mistari mitatu. Alama za mwanzo za swali hupatikana kwa urahisi kuliko za mwisho. Mizania ikikataa kulingana na dakika zimeisha, iache ilivyo, nenda swali linalofuata.

Basi chukua pepa zilizopita, funika majibu, weka saa mezani, andika. Ukimaliza, sahihisha kwa kalamu nyekundu mstari kwa mstari, na kwenye daftari la pembeni andika sababu ya kila alama uliyopoteza: sikujua kanuni, nilijua lakini sikuonyesha hatua, au sikusoma swali. Baada ya pepa nne au tano daftari hilo litakwambia unachoumwa. Kwa wengi ugonjwa ni huo wa pili. Msahihishaji hawezi kukupa alama ya hesabu uliyoifanya kwenye kikotoo ukaandika jibu tupu. Jibu likiwa na kosa na hatua hazionekani, umepoteza lote.

Sasa twende kwenye kiwango kimoja ambacho mtu wa ukanda huu hana sababu ya kukikosea: IAS 41, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa kilimo. Parachichi za Njombe na Rungwe, chai ya Tukuyu na Mufindi, miti ya Sao Hill, viazi vya Makete, yote imo humo, na kila kimoja kina njia yake.

Mparachichi na mchai ni mimea inayozaa. Unazaa zaidi ya msimu mmoja, na hukuupanda ili uje uuze mti wenyewe. Tangu mwaka 2016 mimea ya namna hii iko chini ya IAS 16 pamoja na mitambo na majengo: unaiandika kwa gharama, na ikianza kuzaa unaanza kuichakaza, yaani kuigawa gharama hiyo kwa miaka itakayozaa. Tunda lililo mtini bado ni la IAS 41, linapimwa kwa thamani ya haki, yaani bei ambayo lingepata sokoni, ukitoa gharama za kuuza. Likishachumwa, thamani ya siku ya kuchuma ndiyo inageuka gharama yake chini ya IAS 2, kiwango cha bidhaa zilizo ghalani. Ardhi iliyo chini ya mti inasimama peke yake. Mti wa mbao hauko hivyo. Msindano wa Mufindi umepandwa ili ukatwe, kwa hiyo mti mzima, tangu mche, ni mali ya kibayolojia chini ya IAS 41. Viazi ni vya msimu mmoja, navyo vinabaki IAS 41. Mtahiniwa anayechakaza msindano, au anayepima mparachichi kwa thamani ya haki, ameonyesha kwamba alikariri jina la kiwango akaacha maana yake.

Tuweke tarakimu. Shamba la mfano lina miparachichi iliyogharimu shilingi milioni 200 hadi ilipoanza kuzaa mwanzoni mwa mwaka, na itazaa kwa miaka 25. Mwisho wa mwaka matunda yaliyo mtini yangeuzwa sokoni kwa milioni 60. Kuyafikisha sokoni ni milioni 4, na kamisheni ya dalali pamoja na ushuru ni milioni 2. Uchakavu wa miti ni milioni 8 kwa mwaka. Matunda: toa usafiri kwanza, unapata thamani ya haki ya milioni 56, kisha toa gharama za kuuza za milioni 2, unabaki na milioni 54. Wengi huweka usafiri ndani ya gharama za kuuza. Jibu la mwisho hutoka lile lile la milioni 54, lakini swali likikutaka uonyeshe thamani ya haki, umeikosa. Kama mwanzo wa mwaka hakukuwa na tunda mtini, milioni 54 hizo zinaingia kwenye faida ya mwaka hata kama hakuna senti iliyopokelewa. Usiogope kuiandika hivyo, kiwango ndivyo kinavyodai.

Shamba hilo hilo linatupeleka kwenye kodi. Tuseme limenunua trekta kwa milioni 60, na kwenye vitabu linachakazwa kwa miaka 10. Mwisho wa mwaka wa kwanza vitabu vinaonyesha milioni 54. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mitambo inayotumika kwenye kilimo iko daraja la 8, inayopunguzwa kwa asilimia 100, kwa hiyo kikodi trekta limebaki sifuri. Tofauti ni milioni 54. Izidishe kwa kiwango cha kodi ya makampuni cha asilimia 30, unapata dhima ya kodi iliyoahirishwa ya milioni 16.2. Kompyuta na magari madogo yako daraja la 1 kwa asilimia 37.5, samani za ofisi daraja la 3 kwa asilimia 12.5, na yote hayo ni kwa salio linalopungua, yaani kila mwaka asilimia inakatwa kwenye kilichobaki. Anayetumia mstari ulionyooka, yaani kukata kiasi kile kile kila mwaka, hapa anapoteza swali zima kwa kosa moja. Kuna na jambo la tarehe: Sheria ya Fedha huja kila mwaka na huanza kutumika 1 Julai. Notisi za kodi alizokuachia rafiki aliyefaulu miaka miwili iliyopita zipokee kwa shukrani, kisha kila kiwango kilichomo kihakiki upya kwenye sheria ya sasa.

Somo la ukaguzi huangusha watu wenye lugha nzuri. Wanaandika "mkaguzi atahakikisha kuwa mali iliyo ghalani ni sahihi" na kungoja alama. Sentensi hiyo haina kazi ndani yake. Utaratibu wa ukaguzi unataka vitu vitatu: unafanya nini, kwenye hati au kitu gani, na unathibitisha dai lipi. Fikiria ghala la kahawa la chama cha ushirika Mbozi. Andika hivi: nitachagua mistari 30 kwenye leja ya ghala na kuyahesabu magunia yake sakafuni, ili kuthibitisha kwamba yapo. Kisha nitachagua marundo sakafuni na kuyatafuta kwenye leja, ili kuthibitisha kwamba kila kilichopo kimeandikwa. Angalia mwelekeo: kutoka kwenye kitabu kwenda sakafuni unapima kuwepo, kutoka sakafuni kwenda kwenye kitabu unapima ukamilifu. Ukigeuza, umejibu swali la jirani. Halafu uliza kahawa hiyo ni ya nani, maana chama kinaweza kuwa kinaihifadhi tu kwa niaba ya wakulima, na daraja la ubora wake, kwa sababu kahawa iliyoharibika kwa unyevu haiwezi kubaki vitabuni kwa bei ya daraja la juu.

Anayekuja kufanyia mtihani Mbeya akitoka Ludewa, Makete au Sumbawanga afike jana yake, tena mchana. Alale upande ule ule wa mji kilipo kituo chake, maana foleni ya kati ya Uyole na Mwanjelwa asubuhi haina mjuzi. Mei kuna baridi kali, vidole vikiganda mwandiko unaharibika, beba sweta. Kikotoo kiwe kile ulichofanyia mazoezi, si kipya cha dukani.

Baada ya matokeo watu husherehekea kama vile kila kitu kimekwisha, na hapo ndipo wengi wa ukanda huu hukwama. Kufaulu ngazi ya mwisho hakukufanyi uwe CPA aliyesajiliwa. Bodi inataka uzoefu wa kazi wa miaka mitatu uliothibitishwa, ndipo uombe usajili. Mhasibu wa SACCOS ya Tunduma, wa hospitali ya misheni Ilembula au wa shule binafsi Iringa mara nyingi ana bosi asiye CPA: ni padri, daktari au mwalimu mkuu. Akija kutafuta wa kumthibitishia kazi za miaka mitatu nyuma, hakuna anayezijua kwa undani.

Dawa yake inaanza mapema, hata kabla ya mtihani wa kwanza. Tafuta CPA aliyesajiliwa anayeweza kuifuatilia kazi yako, anaweza kuwa mhasibu wa makao makuu ya taasisi yenu, na uliza Bodi kama usimamizi wa namna hiyo unakubalika kwa nafasi yako. Kila mwisho wa mwezi andika ukurasa mmoja. Usiandike "nilishughulika na hesabu". Andika: nimeandaa usuluhishi wa akaunti mbili za benki, nimewasilisha ritani ya kodi ya ongezeko la thamani, nimejibu hoja nne za mkaguzi kuhusu rejesta ya mali za kudumu. Weka tarehe, msimamizi asaini mwezi huo huo. Ukihama kazi, barua ya uthibitisho iombe kabla hujarudisha funguo, ikieleza cheo chako, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kazi ulizofanya. Mwajiri uliyemwacha miaka miwili iliyopita huwa na mambo yake.

Na usajili wa CPA wa kawaida haukupi ruhusa ya kufungua ofisi na kusaini ripoti ya ukaguzi. Kazi hiyo inahitaji usajili tofauti wa mhasibu anayetoa huduma kwa umma, wenye masharti yake ya uzoefu ndani ya ukaguzi wenyewe. Anayeota kufungua ofisi yake Mafinga au Vwawa asiitumie miaka yote mitatu kwenye dawati la malipo. Aingie ofisi ya ukaguzi mapema, hata kama mshahara wa kuanzia ni mdogo kuliko alionao.