Joto, Baridi na Ugumba wa Maua katika Mbegu Chotara za Mboga

Anayezalisha mbegu chotara za nyanya, yaani za wazazi wawili wa aina tofauti, huhasi maua kwa mkono: hufungua tumba kwa kibano kabla halijachanua, hung'oa vifuko vya chavua, kisha hupaka chavua ya mzazi wa pili. Kazi hiyo inalipa kwa sababu tunda moja hutoa mbegu nyingi. Kwenye kitunguu hailipi hata kidogo, maana kila ua hutoa mbegu zisizozidi sita.

Nafuu ilipatikana mwaka 1925 huko Davis, California, Henry Jones alipokuta mmea wa kitunguu usiotoa chavua hai. Mmea wa namna hiyo, uitwao mgumba, hauwezi kujichavusha, kwa hiyo mbegu zake zote zina baba wa nje.

Ugumba wa kitunguu kile hurithiwa kwa upande wa mama, kupitia mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati. Upo mwingine unaotokana na jeni fiche ya kiini cha seli pekee, yaani jeni inayojionyesha mmea ukiwa na nakala zake mbili tu, na huo una usumbufu wake. Ukiuchavusha mmea mgumba kwa ndugu yake mwenye nakala moja ya jeni hiyo, nusu ya uzao huwa wagumba, nusu wana chavua. Nusu hii ya pili lazima ing'olewe shambani maua yanapoanza kufunguka. Ukibaki mmoja, utachavusha majirani zake na mbegu hizo hazitakuwa chotara.

Halafu kuna hali ya hewa. Baadhi ya pilipili wagumba hubaki bila chavua wakati wa joto, lakini usiku ukipoa huanza kutoa chavua kidogo. Hatari ni kwamba chavua huumbwa tumba likiwa bado dogo sana: ua unalolikagua leo linaonyesha baridi iliyokwisha kupita. Ndiyo maana mimi siamini ukaguzi wa mara moja.

Kwa jamii ya kabichi, baridi ilileta kioja kingine. Ugumba uliotolewa kwenye figili ya Kijapani, ambao mtafiti Ogura aliueleza mwaka 1968, ulipohamishiwa huko, majani yaligeuka manjano kwenye baridi, kwa kuwa kloroplasti (chembe za kijani za seli) za figili hazikupatana na kiini cha kabichi. Watafiti waliunganisha seli zilizovuliwa kuta, wakapata mimea yenye kloroplasti za kabichi na ugumba uleule.

Ugumba unaobadilika kwa joto, kama ule wa pilipili, una faida pia. Mmea ulio mgumba kwenye joto na wenye chavua kwenye ubaridi hujizalisha wenyewe msimu wa baridi, kisha hutumika kama mama msimu wa joto, bila kuhitaji ndugu mwenye chavua wa kuuendeleza.

Tusichanganye hayo na nyanya za kawaida zinazopukutisha maua mchana ukizidi nyuzi 32 hivi. Hapo chavua imeunguzwa na joto. Mbegu haina kosa. Lakini ukiona mimea kadhaa iliyo tofauti kabisa na mingine katika shamba la chotara, hifadhi pakiti yenye namba ya kundi la mbegu, piga picha mimea hiyo kabla ya kuing'oa, na umwite mkaguzi wa mbegu mimea hiyo ikiwa bado hai.