Ping inajibu, ukurasa haufunguki

Kompyuta inaonyesha imeunganishwa. Ukiipigia tovuti ping, yaani amri ya kuuliza kama ipo, majibu yanarudi bila kukosa. Barua pepe fupi inaondoka, lakini ukiiwekea kiambatisho inazunguka mpaka inakwama. Tovuti moja inafunguka, nyingine inabaki nyeupe. Watu huzima ruta, hubadilisha kebo. Kompyuta moja ililetwa kitengoni kwetu ikiwa imeshawekewa Windows upya mara mbili. Kazi bure.

Dalili hizi zikikutana, mimi hushuku ukubwa wa pakiti kabla ya kitu kingine. Data husafiri vipandevipande, ndizo pakiti, na kwenye Ethaneti, mtandao wa kebo, kipande kimoja kwa kawaida hakizidi baiti 1500. Kikomo hicho ndicho MTU. Muunganisho ukipita kwenye PPPoE, njia ambayo baadhi ya watoa intaneti hutumia kumuunganisha mteja, baiti 8 zinaliwa njiani, zinabaki 1492. VPN, ile njia ya siri ndani ya intaneti, hula zaidi. Pakiti ya 1500 isiyoruhusiwa kukatwa ikifika hapo, ruta huitupa na kumtumia mtumaji ujumbe wa ICMP, lugha ya mitandao kupeana taarifa za hitilafu, ambayo ping nayo huitumia: punguza. Utaratibu huu uliandikwa mwaka 1990, kwenye RFC 1191, mojawapo ya nyaraka za kanuni za intaneti, na ni mzuri, mpaka atokee msimamizi anayefunga ICMP yote eti kwa usalama. Ujumbe haufiki, mtumaji anarudia pakiti ileile, nayo inakwama palepale. Ping haikushtuka kwa kuwa kwenye Windows hubeba baiti 32 tu.

Basi ibebeshe mzigo. Chagua tovuti iliyojibu ping ya kawaida, kisha kwenye dirisha la amri andika ping -f -l 1472 na jina la tovuti hiyo. Hiyo -f inakataza pakiti isikatwe. 1472 ukijumlisha na baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP, unapata 1500. Ukiambiwa pakiti inahitaji kukatwa, angalau onyo linakufikia. Ukimya ndio wa kutilia shaka. Shuka hadi 1464. Ikijibu hapo, mchawi umemwona. Rudia kwa tovuti mbili tatu, maana zipo zinazokataa ping kubwa makusudi.

Dawa iko kwenye ruta: MTU ya upande wa intaneti iwe 1492, na MSS ya TCP, yaani kikomo cha data yenyewe ndani ya pakiti bila vichwa, iwe 1452, ili pande zote mbili zikubaliane vipande vidogo tangu mwanzo. Ruta nyingi hujirekebisha zenyewe. Anza na ile ambayo mtu aliichezea mipangilio. Ukiwa na mamlaka juu ya kinga ya mtandao, fungulia ule ujumbe wa ICMP wa aina ya 3, namba 4.